Kisogo cha Mama

Aliyenifumbua macho ni mwenye mkokoteni. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Januari 2024, nikihama kutoka Zimmerman kwenda Kahawa West, hapa Nairobi. Alikuwa amenihamisha mara moja kabla ya hapo, mwaka mmoja na miezi kadhaa nyuma. Sura yake sikuikumbuka, na yeye yangu hakuikumbuka. Alichokumbuka ni fundo. Aliinama kuinua katoni iliyokuwa pembeni mwa mlango, akaishika kamba ya manila iliyoizunguka, akaigeuza kidogo, kisha akanitazama.

"Dada, hili fundo ni langu. Ni mimi nililifunga. Hii katoni hujawahi kuifungua?"

Nikamwambia vyombo vilivyomo ni vya wageni. Akasema haya, akaipandisha juu ya godoro, tukashika njia. Lakini nilipokuwa nikitembea nyuma ya ule mkokoteni nilianza kuhesabu, na hesabu yenyewe ilinitia baridi. Kahawa West ilikuwa nyumba yangu ya tisa katika miaka minane. Kila nyumba niliyoiacha nilikuwa na sababu ya kuiacha, na kila sababu ilisimama wima. Githurai maji yalikuja mara moja kwa wiki. Donholm jirani alikuwa na redio isiyolala. Kinoo baridi, Rongai foleni ya magari. Na Zimmerman? Zimmerman keyatika, yule mtunza jengo, alikuwa ameanza kuniita kwa jina na kujua saa ninazorudi. Hiyo nilimpa rafiki yangu kama sababu, naye akaniuliza, "Sasa hapo ubaya uko wapi?" Sikuwa na jibu.

Katika nyumba zote hizo sikuwahi kupigilia msumari hata mmoja ukutani. Pazia nililitundika kwa uzi.

Kuhama si dhambi, na Nairobi watu huhama. Ila nilipoketi usiku ule juu ya mifuko ambayo sikuwa na haraka ya kuifungua, niliona kwamba hesabu haikuishia kwenye nyumba. Mara mbili nimeacha kazi wiki zile zile nilizopewa barua ya ajira ya kudumu. Kazi za mkataba wa miezi sita nilizifanya kwa moyo wote, nikasifiwa. Mkono ulinifia pale tu nilipotakiwa kutia sahihi kwamba nitakaa.

Na kuna mtu. Mwaka 2021 nilikuwa na mchumba, mtu mpole, anayeosha vyombo bila kuambiwa. Wazee wa kwao walikuwa waje kwetu Desemba. Mbuzi alikwisha kununuliwa. Katikati ya Novemba nilikubali kazi ya miezi mitatu Kisumu, nikapanda basi la usiku, nikamwandikia ujumbe nikiwa nimeshafika. Sikuwa nimegombana naye. Sikuwa na mwingine. Nilijua tu, kama mtu anavyojua kwamba mvua inakuja, kwamba nikikaa kitu kibaya kitatokea. Miezi mingi baadaye aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Ulinihukumu kwa kosa la watu ambao sijawahi kuwaona." Nimemwomba msamaha. Ameoa, na namwombea heri.

Nilizaliwa 1997 karibu na Burnt Forest, Uasin Gishu. Ni nchi ya juu, ya baridi, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Mwisho wa Desemba maghala huwa yamejaa, na watoto wa umri wangu tulikuwa tukitumwa kupukuchua mpaka vidole gumba vinachubuka. Tarehe 27 Desemba 2007, siku ya Alhamisi, wazazi wangu walikwenda kupiga kura. Jumapili jioni, tarehe 30, matokeo yakatangazwa. Tulikuwa jikoni na redio ya betri. Baba aliizima kabla mtangazaji hajamaliza sentensi.

Kabla ya saa tano usiku mlima wa ng'ambo ulikuwa na mioto mitatu, kisha mitano. Mama hakupiga kelele. Alitoa karatasi zake chini ya godoro, hati ya shamba, vyeti vyetu vya kuzaliwa na kadi za kliniki, akazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga tumboni kwa leso. Mdogo wangu akambeba mgongoni. Baba alibaki na ng'ombe. Mimi niliambiwa jambo moja tu: "Nifuate. Usitazame nyuma, usiniite."

Alikuwa amevaa kitambaa cheupe kichwani. Tulipofika mtoni alikivua akakitia kifuani, kwa sababu kilionekana gizani. Kuanzia hapo nilichokuwa nacho duniani ni kisogo chake. Nilikitazama saa zote zile, tukipita kando ya mto, tukikanyaga mabua, mpaka barabarani, mpaka kanisani ambako watu walikuwa wamejaa hadi chini ya madhabahu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Kuna methali isemayo mwana hutazama kisogo cha nina, na shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni mtoto huiga. Usiku ule sikuwa naiga chochote. Nilikuwa nakishikilia kwa macho kile kisogo, kama mtu anayevuka mto akiwa ameshika kamba.

Nyuma yetu ghala la jirani lilikuwa linaungua, na mahindi yakiungua kwa gunia yananuka vile vile yanavyonuka yakichomwa moja moja kwenye jiko la barabarani. Mtu anayeijua Nairobi ataelewa maana ya hilo. Saa kumi na mbili jioni, kila kituo cha matatu kina mama au kijana anayepepea mahindi.

Siku mbili baadaye, tarehe 1 Januari 2008, watu waliojificha kanisani Kiambaa, nje ya Eldoret, walichomwa humo ndani. Habari zilitufikia nasi tukiwa tumelala kanisani, na nyinyi fikirieni wenyewe usiku uliofuata. Baba alitufikia akiwa hai, bila ng'ombe. Kutoka pale tulipelekwa kwenye uwanja wa maonyesho Eldoret, tukakaa chini ya hema mpaka baada ya mapatano ya viongozi ya tarehe 28 Februari. Tume iliyochunguza ghasia hizo za baada ya uchaguzi, ikiongozwa na Jaji Philip Waki, ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika majuma yale. Waliohamishwa walikuwa mamia ya maelfu. Sitataja makabila hapa. Nitasema tu kwamba waliokuja hawakuwa wageni. Walikuwa watu tuliokuwa tukiazimana nao chumvi. Mmoja alikuwa kijana wa darasa la nane aliyekuwa akinivusha mto asubuhi za mvua.

Hilo la mwisho ndilo nililoishi nalo bila kulijua. Mtoto akiumizwa na mtu wa mbali, atajifunza kuogopa mbali. Mimi nilijifunza kwamba hatari hutokea kwa anayekujua jina na kujua saa unazorudi. Miaka kumi na sita baadaye keyatika wa Zimmerman, mtu wa watu, alinisalimia kwa jina, nami nikaanza kutafuta nyumba nyingine.

Methali nyingine husema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ni ya kweli, lakini inasimulia nusu tu ya jambo. Mimi sikuwa nashtuka. Nilikuwa mtulivu, nimejipanga, bili zimelipwa na begi liko nyuma ya mlango. Sikuota ndoto za moto, sikulia usiku. Nilidhani kiwewe ni mtu anayepiga mayowe usingizini au anayejificha chini ya meza baruti zikilia, na kwa kuwa sikuwa hivyo nilijihesabu miongoni mwa waliosalimika. Sikujua kwamba woga unaweza kuvaa nguo nzuri ukaitwa tabia. Watu waliniita mtu asiyeng'ang'ania vitu, na nilifurahi kuitwa hivyo.

Baada ya siku ya mkokoteni nilianza kusoma, na kisa kilichonishika kuliko vyote ni cha Vincent Felitti, daktari wa San Diego, Marekani, aliyekuwa akiendesha kliniki ya kupunguza uzito katika miaka ya 1980. Jambo moja lilimtatiza. Waliokuwa wakifaulu kupungua ndio waliokuwa wakiacha matibabu. Alipoanza kuwahoji mmoja mmoja aligundua kwamba wengi walidhulumiwa kingono utotoni. Unene waliokuja kuondolewa ulikuwa ngao yao, ulikuwa unawakinga na macho ya watu, na kila kilo iliyopungua iliwaacha uchi zaidi. Daktari aliona ugonjwa mahali ambapo wao walikuwa na dawa. Kutokana na hapo yeye na mtafiti Robert Anda walifanya utafiti uliohoji watu wazima zaidi ya 17,000, wakachapisha matokeo ya kwanza 1998, wakaonyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za mateso utotoni ndivyo alivyoelekea zaidi kuwa na ulevi, msongo wa mawazo na hata magonjwa ya moyo ukubwani.

Niliposoma kisa cha ile kliniki nilifunga simu nikakaa kimya muda mrefu. Kumbe lile begi la nyuma ya mlango halikuwa ujinga. Mwaka 2007 lingeniokoa. Ni dawa iliyofanya kazi siku moja ya kweli, na mwili hausahau dawa iliyofanya kazi.

Wanaochunguza ubongo hueleza kwamba kuna sehemu ndogo ndani yake, iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga kengele ya hatari, nayo hupiga kabla sehemu ya mbele inayofikiri haijajua kinachoendelea. Kuna sehemu nyingine, hipokampasi, inayosaidia kuliwekea tukio mahali pake na tarehe yake, kama karani anayepiga mhuri. Hofu ikizidi mno karani huyo hushindwa kazi. Tukio linahifadhiwa, lakini bila mhuri. Ndiyo maana harufu ya mahindi kwenye kituo cha Githurai haikunikumbusha 2007. Kukumbuka ni kujua kwamba jambo limepita. Mimi miguu yangu ilikuwa inaanza kwenda.

Lakini hofu peke yake haielezi kwa nini jambo hujirudia miaka na miaka. Kinachoelezea, kwa maoni yangu, ni ahueni. Kila nilipokwisha kufunga katoni na kumlipa mwenye mkokoteni nililala usingizi mtamu kwa wiki mbili tatu. Moyo ulitulia, chakula kikapata ladha. Ile ahueni ndiyo ujira, na mwili ni kibarua mwaminifu, hurudia kazi inayolipwa. Halafu kuna hasara nyingine iliyojificha. Nyumba nilizozikimbia hazikuungua hata moja. Mchumba wangu hakugeuka adui. Lakini sikuwapo kushuhudia visivyotokea. Nilikuwa nimeshaondoka, kwa hiyo mwili wangu haukupata nafasi ya kujifunza kwamba nilikuwa salama. Ulichoandika ni kwamba nimenusurika kwa sababu nilitoka mapema.

Sigmund Freud, katika maandishi ya 1920, alisimulia habari za mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu aliyekuwa na kigurudumu cha mbao kilichofungwa uzi. Mtoto alikitupa ndani ya kitanda chake chenye pazia kisionekane, akatoa sauti ya kusema kimekwenda, kisha akakivuta na kukipokea kwa furaha. Freud aliona kwamba mtoto yule, asiyeweza kumzuia mama yake kutoka, alijifanyia mwenyewe mchezo wa kuondoka ili awe ndiye mwenye amri. Mengi ya Freud siyakubali, ila hili linanigusa kila ninapolifikiria. Tofauti ni kwamba mimi nilitupa tu. Uzi sikuuvuta.

Nilipopanga tarehe zangu za kuhama kwenye karatasi, saba kati ya tisa ziliangukia kati ya Novemba na Januari. Fikirieni jambo hilo. Kenya haijafanya uchaguzi mkuu Desemba tangu ule wa 2007. Wa 2013 ulikuwa Machi, wa 2017 na 2022 ulikuwa Agosti, kama Katiba ya 2010 ilivyoagiza. Agosti hizo nilikuwa na wasiwasi kama kila Mkenya, nikanunua unga na mafuta ya ziada, basi. Hofu yangu yenyewe ilikuwa inangoja Desemba, nchi ikiwa na amani, watu wakipanga safari za Krismasi, nami nikijisikia kama kuna mtu amesimama mlangoni. Rwanda, ambako walipitia makubwa zaidi ya yetu, kila Aprili katika juma la kumbukumbu ya 1994 kuna watu wanaozidiwa hadharani, pumzi zinawakatika, wanapiga kelele kana kwamba wauaji wamefika. Kinyarwanda kina neno la hali hiyo, ihahamuka, nalo linahusu pumzi inayomtoka mtu. Najua watu wa kwetu waliowahi kuwa hivyo. Tuliwaita wenye presha.

Mama yangu Desemba yake ilianza zamani kuliko yangu. Mwaka 1992, majuma ya uchaguzi wa tarehe 29 Desemba, alikimbia kutoka eneo lile lile la Burnt Forest akiwa na mtoto mchanga, kaka yangu mkubwa. Walirudi wakajenga upya. Nilizaliwa katika nyumba hiyo ya pili, nyumba ya mbao. Ilikuwa ya mbao wakati majirani waliouza maziwa kidogo kuliko sisi walikuwa wamejenga kwa mawe, na nilipokuwa mdogo niliona aibu. Shambani alipanda viazi na kabeji, vitu vya miezi mitatu. Baba akitaka kupanda miti ya matunda mama alisema itachukua miaka. Na jioni, kabla ya sala, alikuwa na amri moja: viatu vikae mlangoni, ncha zikitazama nje.

Nilidhani ni usafi. Mpaka leo viatu vyangu vinalala vikitazama mlango, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mpaka mshauri nasaha aliponiuliza, mwaka jana, nieleze chumba changu kilivyo.

Huyo mshauri nilimkimbia pia. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Nilihudhuria mara tatu. Mara ya tatu nilijisikia vizuri kule kwake, na nilipokuwa nashuka ngazi niliamua kwamba safari ya mjini ni ndefu mno kwangu. Baada ya wiki mbili alinipigia simu. "Sikupigii kukurudisha," alisema. "Nataka tu ujue kwamba kiti chako kipo, na kitakuwapo Desemba ikiisha." Nililia nikiwa ndani ya matatu, bila kuficha uso. Nilirudi Januari.

Siku moja alitandaza kamba sakafuni. Kamba ya kawaida, kama ile ya mwenye mkokoteni. Upande mmoja ulikuwa kuzaliwa kwangu. Akaniwekea kikapu cha mawe na kikapu cha maua, akaniambia niyapange: ua kwa kila jema, jiwe kwa kila lililoniumiza. Upande wa mwisho wa kamba aliuacha umeviringishwa, kwa sababu hayo bado hayajaja. Baadaye nilisoma kwamba njia hiyo ya kusimulia maisha tangu mwanzo ilitengenezwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na kwamba ilijaribiwa miongoni mwa wakimbizi nchini Uganda. Katika kambi ya Nakivale walioifanya walikuwa wakimbizi wenyewe, waliofundishwa kazi hiyo, wakiwasikiliza Wanyarwanda na Wasomali wenzao. Hilo lilinipa moyo. Haikuhitaji daktari wa mbali. Ilihitaji mtu wa kuketi na kusikiliza mpaka mwisho.

Nilipanga maua manne kabla ya 2007. Kisha jiwe, kubwa kuliko yote. Baada ya jiwe hilo niliweka mawe madogo, moja kwa kila nyumba, moja kwa mchumba. Mshauri akaniambia nisimulie usiku ule polepole, jambo kwa jambo: kulikuwa na harufu gani, miguu ilikanyaga nini, mkono ulishika nini, na kila mara akinirudisha, "Na sasa uko wapi? Leo ni tarehe ngapi?" Ilituchukua siku nne tofauti. Siku ya pili nilitapika. Sipendi kuwadanganya wanaosoma wakitafuta njia: ni kazi nzito, na haifai kufanywa peke yako usiku na simu mkononi. Kilichotokea taratibu ni kwamba usiku ule ulianza kuwa na mwanzo na mwisho. Ulianza jikoni na redio, ukaisha alfajiri kanisani, mama alipoufungua ule mfuko wa plastiki kuhesabu karatasi zake. Miaka yote hiyo sikuwa na alfajiri katika kumbukumbu yangu. Nilikuwa na kisogo tu.

Kuna kitu kilinikera katika safari hiyo na nitakisema. Watu wetu waliambiwa wasahau na wasonge mbele. Wahamishwaji walipewa shilingi 10,000 kwa kila kaya za kuanzia maisha, na 25,000 kwa waliotakiwa kujenga upya. Hela zilisaidia, sizidharau. Lakini kusahau si kitu kinachoagizwa. Aliyeambiwa asahau alifunga mdomo, na mwili wake ukachukua kazi ya kusimulia. Ukienda kwenye vijiji walivyohamia watu wa 2008, tazama nyumba ambazo hazikumalizwa, ingawa pesa zilikuwapo. Tazama wanaume wanaolewa mwaka mzima, lakini wanalewa zaidi Krismasi. Tazama akina mama wasiotaka binti zao waolewe mbali.

Nilimpigia mama simu. Siku hizi anaishi nje kidogo ya Nakuru, baba alishafariki kwa maradhi. Hatujawahi kuzungumza habari za usiku ule, si hata siku moja, miaka yote hiyo. Nilizunguka zunguka, nikauliza kuhusu kuku, kuhusu mvua. Mwishowe nikamuuliza, "Mama, usiku ule, ulijuaje njia? Kulikuwa na giza, na barabara ilikuwa imefungwa."

Alinyamaza. Nikasikia akikaa.

"Mimi sikuijua, mwanangu. Nilikuwa nafuata kisogo cha yule mama wa maziwa."

Nilishika ukuta. Yule mama wa maziwa alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mto, wa upande ule mwingine, upande uliokuwa unatuchomea. Alikuja mlangoni saa nne usiku, mama akanieleza, akasema wanawake na watoto watoke sasa hivi. Akatangulia. Yeye ndiye aliyejua mahali ambapo vijana hawakuweka kizuizi. Yeye ndiye aliyemwambia mama avue kitambaa cheupe. Alitufikisha karibu na barabara, akarudi nyumbani kwake gizani peke yake, na mama hajui alikorudi alipokewa vipi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa nyuma yangu. Nilidhani ulimwona."

Sikumwona. Mtoto hutazama kisogo kimoja tu. Miaka kumi na saba nimetembea na usiku ambao ndani yake kila jirani ni adui, na mbele kabisa ya msafara wetu, hatua chache tu kutoka macho yangu, alikuwa jirani. Sisemi kwamba hilo linafuta yule kijana wa darasa la nane. Alikuwapo, nilimwona, na mioto ilikuwa ya kweli. Wote wawili walikuwa wanatujua majina.

Tuliongea mpaka salio likaisha, nikaweka tena. Mama alinieleza ya 1992, ambayo sikuwahi kuyasikia, na ya mwaka 1993 waliporudi wakakuta kisima kimetiwa mizoga. Nilimuuliza kuhusu viatu. Alicheka kidogo, kisha akasema mama yake mwenyewe alikuwa akifanya hivyo hivyo, wakati wa hali ya hatari, kabla ya uhuru. Huyo nyanya yangu nilimkuta mzee, hakupenda kabisa mtu kukaa kati yake na mlango.

Nimekaa Kahawa West tangu ile Januari. Desemba iliyopita nililipa kodi ya miezi mitatu kwa pamoja ili nijifunge, na bado siku tatu mfululizo nilijikuta natazama nyumba za kupanga kwenye simu usiku wa manane. Harufu ya mahindi ikinipata njiani nasimama, namtazama anayechoma, naisema tarehe kwa sauti ndogo. Wakati mwingine hunisaidia, wakati mwingine miguu huenda. Begi la nyuma ya mlango bado lipo. Nilitoa nguo, nikabakiza vyeti na chaja, na mshauri hakunilazimisha zaidi. Uchaguzi wa 2027 unakaribia, lugha ya watu mitandaoni naisikia, na sioni aibu kumwambia mtu kwamba naogopa. Sasa naweza kulisema hilo kabla ya kupanda basi.

Mama amepata namba ya mtoto wa yule mama wa maziwa. Huyo mama yu hai, ni mzee, haoni vizuri. Tutakwenda Burnt Forest, mama na mimi, mwishoni mwa Desemba, mwezi ambao mimi na yeye hatujawahi kwenda popote isipokuwa kwa kukimbia. Mama anasema tubebe sukari, majani ya chai na leso mbili. Anauliza kila siku kama leso mbili zinatosha.

Mimi niliifungua katoni. Fundo la mwenye mkokoteni lilikuwa limekaza, nilitumia jino la uma kulilegeza kwa sababu sikutaka kulikata. Humo mlikuwa na sahani sita za udongo zenye maua ya buluu, nilizonunua Gikomba nikiwa mwaka wa pili chuoni, za wageni ambao sikuwahi kuwaalika. Moja imepasuka. Tano nimezifunga upya kwa gazeti la juzi, nazo ziko mezani, zinangoja safari.